Chili ya nyumbani imekataa: dalili, sababu na namna ya kuiokoa

Malalamiko ya wanaopika chili nyumbani, yaani mchuzi mzito wa Kimarekani wa nyama, pilipili na viungo, mara nyingi na maharage na nyanya, yanajirudia. Imekuwa kali, watoto hawaigusi. Imekuwa maji maji kama supu. Maharage bado magumu baada ya saa tatu motoni. Au ladha ni chapwa, ingawa viungo vyote viliwekwa. Ni nadra kosa kuwa kwenye orodha ya viungo. Mara nyingi kosa ni la zamu: nyanya zimetangulia maharage kuiva, chumvi imetangulia rojo kupungua, poda ya chili imeingia kwenye mafuta yanayofuka moshi. Kwa hiyo usikimbilie kuongeza kitu. Jiulize kwanza nini kiliingia sufuriani mapema kuliko kilivyopaswa.

Vipimo vya hapa chini ni vya sufuria ya watu sita hadi wanane, yenye ujazo wa lita 5 au 6: nyama ya ng'ombe kilo 1 (ya kusaga, au ya bega iliyokatwa vipande vya sentimita 2), maharage mekundu makavu gramu 400, vitunguu maji viwili vikubwa, punje 5 za kitunguu saumu, nyanya zilizokatwakatwa gramu 800, nyanya nzito ya pakiti vijiko 2 vya mezani, poda ya chili vijiko 3 vya mezani, bizari nyembamba ya kusaga kijiko 1 cha mezani, oregano kavu kijiko 1 cha chai, chumvi vijiko 2 vya chai na maji nusu lita. Kule Texas, ambako chili ilitangazwa kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, wapo wengi watakaokuambia maharage hayamo kabisa. Kama uko upande wao, ruka sehemu ya maharage. Mengine yote yanakuhusu.

INAWASHA KUPITA KIASI

Sababu ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali, ni poda. Poda ya chili inayotajwa katika mapishi ya Kimarekani ni mchanganyiko: pilipili kavu zisizo kali sana, bizari nyembamba, oregano, kitunguu saumu na mara nyingi chumvi. Mtu akisoma "vijiko vitatu vya poda ya chili" kisha akachota vijiko vitatu vya pilipili kali iliyosagwa, ameshapika chakula kisicholika. Geuza pakiti usome kilichomo. Kama kimeandikwa kiungo kimoja tu, pilipili, anza na robo kijiko cha chai kwa sufuria nzima, na rangi nyekundu itafute kwenye paprika, yaani poda ya pilipili nyekundu isiyo kali.

Sababu ya pili ni pilipili mbichi iliyokatwa pamoja na utando wake mweupe wa ndani. Wengi hulaumu mbegu, lakini ukali hutengenezwa kwenye ule utando. Mbegu hupata ukali kwa kuwa zimeshikana nao. Kwangua utando kwa ncha ya kisu na utakuwa umepunguza sehemu kubwa ya mwasho. Sababu ya tatu ni haraka ya kuonja: pilipili kavu huendelea kutoa ukali kadiri inavyochemka, kwa hiyo chili iliyokuwa sawa dakika ya 10 inaweza kuwa moto wa kuotea mbali dakika ya 60. Ongeza pilipili kidogo kidogo, na kati ya nyongeza moja na nyingine subiri dakika 20.

Kuiokoa, fuata mpangilio huu:

1. Tulia dakika 5 bila kukoroga, kisha engua mafuta mekundu yanayoelea. Kapsaisini, yaani kile kinachowasha, huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Mafuta hayo ndiyo yamebeba ukali, na ndiyo maana kuongeza maji peke yake hakusaidii sana.
2. Ongeza wingi usio na pilipili: maharage yaliyoiva vikombe viwili, au nyama nusu kilo iliyokaangwa kando na kitunguu na nyanya. Hii ndiyo dawa ya kweli. Nyingine zote ni za kutuliza.
3. Wakati wa kupakua, weka kijiko cha mtindi au maziwa mgando juu ya kila sahani. Protini ya maziwa huikamata kapsaisini. Usiumimine mtindi sufuriani chili ikiwa inatokota, utakatika na kuwa chenga.
4. Sukari kijiko 1 cha chai hupoza kidogo. Ukivuka hapo unapika kitindamlo.

Kiazi kizima cha "kunyonya pilipili" kitanyonya rojo tu, pamoja na kila kilichomo. Ukile kama kiazi tu.

Simama hapa: pilipili ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na utoe lenzi kama unavaa. Maumivu au ukungu wa macho ukiendelea, nenda hospitali. Mikono inayowaka ipake mafuta ya kula kwanza, ndipo uioshe kwa sabuni ya vyombo. Na ukikaanga pilipili kavu, fungua madirisha na umwondoe jikoni mwenye pumu. Moshi wake hukaba kifua. Akibanwa na dawa yake ya kuvuta isimsaidie, hilo ni la daktari mara moja.

MAHARAGE HAYAIVI

Hili ndilo linalowachosha watu kuliko yote, na lina hatari ndani yake, kwa hiyo tukae nalo.

Sababu ya kawaida: nyanya ziliingia kabla maharage hayajalainika. Asidi huzuia pektini, gundi ya asili iliyo kwenye kuta za punje, isilegee, na maharage yanaweza kubaki magumu hata ukichochea moto usiku kucha. Pika maharage peke yake mpaka yaive kabisa, ndipo uyakutanishe na nyanya. Kuna vipimo viwili. Chota punje kwa kijiko uipulize: ganda likijikunja na kuanza kubanduka, umekaribia. Kisha iponde kati ya ulimi na kaakaa: ikiwa katikati kuna unga mkavu au kiini kigumu kama chaki, bado. Pima punje tano, si moja, maana kila sufuria ina punje moja ya kudanganya.

Sababu ya pili ni umri. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka au miaka hugoma hata kwenye maji matupu. Ya zamani huonekana: yamefifia rangi, maganda yana mipasuko na makunyanzi. Ya tatu ni maji yenye chokaa nyingi. Ukiona birika lako lina magamba meupe, jua na maharage yanapata shida hiyo hiyo. Chumvi wala haihusiki. Kuloweka kwenye maji yenye chumvi kijiko 1 cha mezani kwa lita 1.5 hulainisha maganda, kinyume na tulivyofundishwa.

Kurekebisha: kama nyanya bado hazijaingia, ongeza robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwenye maji ya maharage, uendelee kuchemsha. Usizidishe, ladha itakuwa ya sabuni. Kama nyanya zimeshaingia na punje zinagoma, usipoteze gesi. Chuja maharage, yasuuze, yachemshe kwenye maji mapya mpaka yaive, kisha uyarudishe. Ni kazi ya saa moja hivi, lakini inafanya kazi.

Onyo: maharage mekundu mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini. Punje nne au tano tu zinaweza kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa 1 hadi 3. Loweka angalau saa 5, mwaga maji hayo, weka mapya, na uyatokote kwa nguvu angalau dakika 10; FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inapendekeza dakika 30 ili kuwa na uhakika. Baada ya hapo ndipo yachemke taratibu mpaka yaive. Chungu cha umeme cha kupika polepole hakifiki joto hilo, na kuyapasha maharage bila kuyatokotesha kunaweza hata kuizidisha sumu. Basi usiyatie humo yakiwa mabichi. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida hii. Aliyekula yasiyoiva akitapika bila kukoma, au akiwa mtoto mdogo, mzee au mjamzito, apelekwe hospitali.

Kwa sufuria ya presha, usijaze maharage na maji kupita nusu, kwa sababu povu lake huziba tundu la mvuke. Mvuke ukitoka pembeni ya mfuniko badala ya kwenye tundu, zima moto, subiri presha iishe yenyewe, kisha uangalie mpira: uchafu, mpasuko, au umekauka na kukakamaa. Mpira hubadilishwa. Lakini vali ya usalama ikishafyatuka, au mfuniko ukiwa haufungi sawasawa, usijaribu tena. Mpelekee fundi anayeijua au uiache kabisa, na kamwe usilazimishe kufungua ikiwa bado ina mvuke.

NI MAJI MAJI

Kagua mfuniko kwanza. Chili inayochemka imefunikwa muda wote haipungui, kwa sababu mvuke unagonga mfuniko na kurudi ndani. Fungua, moto wa wastani, dakika 20 hadi 40, ukikoroga kila baada ya dakika 5. Sababu nyingine ni maji ya kopo la maharage yaliyomiminwa yote, na nyanya mbichi zenye maji mengi.

Kipimo: vuta mwiko kwenye sakafu ya sufuria. Njia inayoachwa ikijifunga papo hapo, bado ni nyepesi. Ikikaa sekunde 2 au 3 ndipo ijifunge, epua, kwa sababu ikipoa itazidi kuwa nzito.

Kama wageni wameshakaa mezani na huna dakika 40, chota kikombe kimoja cha maharage, yaponde na uyarudishe. Wanga wake hukaza rojo bila kubadilisha ladha. Au koroga vijiko 2 vya mezani vya unga laini wa mahindi kwenye maji baridi robo kikombe, mimina huku ukikoroga, na uache uchemke dakika 10 ili ladha ya unga mbichi iishe. Usinyunyize unga mkavu juu ya rojo ya moto: utapata madonge, na madonge hayatoki.

IMESHIKA CHINI

Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue. Epua na umimine kilicho juu kwenye sufuria nyingine bila kugusa ukoko. Onja kutoka sufuria mpya. Kama moshi haujapenya, endelea kama kawaida. Ukiwa umepenya kidogo, matone ya siki na nusu kijiko cha chai cha paprika ya moshi vinaweza kuufanya uonekane wa makusudi. Ukiwa umepenya kote, hakuna kiungo kinachouondoa. Mwaga.

Chanzo kwa kawaida ni moto mkubwa chini ya sufuria nyembamba, na huanza pale rojo inapokuwa nzito na sukari ya nyanya kutua chini. Baada ya unga au maharage yaliyopondwa kuingia, moto uwe wa chini kabisa na mwiko ufike hadi kwenye kona. Kama chakula kinaungua upande mmoja tu kila mara, tazama jiko: mwali wa njano na masizi chini ya sufuria ni dalili kwamba matundu ya kichwa cha jiko la gesi yameziba au hewa haichanganyiki vizuri. Zima, acha kipoe, kisugue kwa brashi kavu. Mwali ukibaki wa njano, mwite fundi. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, toka nje, ndipo umpigie.

LADHA CHAPWA

Hakuna kosa, lakini hakuna anayeongeza sahani ya pili. Anza na chumvi: toa kikombe kidogo cha rojo, kitie chembe chache, ukoroge, uonje. Kikichangamka, umepata jibu na hukuhatarisha sufuria nzima. Kama hakijachangamka, jaribu kikombe kingine kwa matone ya ndimu au siki. Asidi kidogo mwishoni hufanya kazi ambayo watu hujaribu kuifanya kwa kijiko cha nne cha viungo. Kwa sufuria nzima, kijiko 1 hadi 2 vya chai vinatosha, baada ya kuepua.

Vyote viwili vikishindwa, basi viungo havikukaangwa. Bizari nyembamba na poda ya chili zikitupwa kwenye maji hubaki na ladha ya vumbi. Harufu zake nyingi huyeyuka kwenye mafuta. Pasha vijiko 2 vya mezani vya mafuta kwenye kikaango kidogo, zima moto, tia kijiko 1 cha mezani cha poda na nusu kijiko cha chai cha bizari, koroga sekunde 30 mpaka harufu ipande, mimina sufuriani na uache ichemke dakika 15. Na kama ukifungua kopo la bizari na kunusa husikii kitu, hata kikaango hakitakiamsha. Nunua nyingine.

CHUNGU, AU CHACHU MNO

Watu huchanganya haya mawili, na dawa zake hazifanani.

Uchungu hutoka kwenye kuungua: kitunguu saumu kilichopita rangi ya dhahabu kuwa kahawia, poda iliyotiwa kwenye mafuta yanayofuka, au pilipili kavu iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Pilipili kavu inahitaji sekunde 15 hadi 30 tu kila upande, mpaka ivimbe kidogo na kunukia. Uchungu mdogo hufunikwa na chumvi na sukari nusu kijiko cha chai. Mkubwa haufunikiki. Kama umeuonja wakati uko bado kwenye kitunguu na viungo, kabla nyama haijaingia, mwaga mafuta hayo uanze upya. Hasara ya vitunguu viwili si sawa na hasara ya kilo ya nyama.

Uchachu ni wa nyanya ambazo hazijapikwa vya kutosha. Dakika 20 zaidi, mfuniko wazi, mara nyingi zinatosha. Ikibaki, tia soda ya kuokea ncha ya kijiko. Itatoa povu kwa kuwa inakutana na asidi, kisha itulie. Mara nyingine kaanga nyanya ya pakiti kwenye mafuta dakika 2 hadi 3, mpaka rangi igeuke kuwa ya matofali, kabla ya kumimina nyanya za kawaida. Ladha kama ya sarafu mdomoni ni jambo jingine: nyanya zimekula sufuria ya alumini au chuma tupu. Hamishia kwenye chombo cha chuma cha pua, na usilaze chili humo.

NYAMA NGUMU, KAVU AU YA KIJIVU

Vipande vigumu baada ya saa moja vinahitaji muda zaidi, si moto zaidi. Bega lina kolajeni nyingi, yaani protini ngumu inayoshikanisha nyama, na kolajeni hugeuka kuwa jelatini laini taratibu. Lipe saa 2 hadi 2 na nusu, rojo ikitoa kiputo kimoja kimoja. Ukiitokotesha kwa fujo nyuzi hujikaza na kukamua maji yake. Steki isiyo na mafuta, kinyume chake, hukauka kadiri unavyoipika. Haikufaa kwa chili tangu buchani.

Nyama ya kijivu isiyo na ladha ilirundikwa. Kaanga robo kilo kwa mkupuo na usikilize: sauti ya kukaanga ni kali na kavu, ikigeuka kuwa ya kububujika, nyama inachemka kwenye maji yake. Ongeza moto, acha maji yakauke, usiikoroge mpaka upande wa chini uwe kahawia.

MAFUTA YAMEELEA, CHUMVI IMEZIDI

Mafuta: engua kwa kijiko kipana, au laza kwenye friji na asubuhi ubandue utando uliogandia juu. Chumvi: mshukiwa wa kwanza ni mchemraba wa supu, kisha maharage ya kopo yasiyosuuzwa, kisha rojo iliyopungua baada ya kutiwa chumvi. Ongeza maharage au nyanya zisizo na chumvi. Hakuna njia ya mkato.

IMECHACHA, AU HUNA UHAKIKA

Viputo juu ya chili iliyopoa, harufu ya uchachu, au utelezi: mwaga bila kuonja. Kisababishi karibu kila mara ni sufuria nzima iliyoachwa mezani ipoe. Rojo nzito hushika joto ndani kwa saa nyingi, na kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria huzaana. Ndani ya saa 2 igawe kwenye vyombo vifupi, kina kisizidi sentimita 5, uingize kwenye friji. Itumike ndani ya siku 3 hadi 4, au uigandishe kwa miezi 2 hadi 3. Unapoipasha, itokote mpaka katikati ifike nyuzi 74, lakini usitegemee kupasha kuokoa iliyokaa nje usiku kucha, kwa sababu baadhi ya sumu za bakteria hazifi kwa joto.

Kuhifadhi chili kwenye chupa kabatini ni hatari ya botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya bakteria, kwa kuwa nyama na maharage vina asidi kidogo. Kuchemsha chupa kwenye maji hakutoshi. Spora za bakteria hao, yaani mbegu zao sugu, huhitaji joto la takriban nyuzi 116 ili zife, linalopatikana kwenye mtambo wa presha uliotengenezwa kwa kazi hiyo, tena kwa mapishi yaliyopimwa. Kama huna vyote viwili, tumia friza. Aliyekula kisha akaanza kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito au kushindwa kumeza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na chupa iliyobaki ichukuliwe pamoja naye.